GARI LIKIKATAA GIA: TUSIKIMBILIE KUTEREMSHA GIABOKSI



Vikundi vingi tunavyofanya kazi navyo siku hizi vina gari. Kikundi kimoja kina pikapu ya kupeleka maziwa, kingine kina matatu ya kuleta mapato, na zahanati nyingi za mashambani zina gari moja tu ambalo ni la wagonjwa, ni la kuleta dawa, na mara nyingine ni la kwenda matangani. Gari la namna hiyo likisimama, si dereva peke yake anayesimama. Ni kijiji kizima.

Katika toleo hili tunataka kueleza tatizo moja ambalo huwamalizia watu pesa nyingi bila sababu. Ni lile la gari ambalo injini yake inanguruma vizuri kabisa, lakini gia hazitaki kuingia. Hatuandiki kama mafundi, kwa maana sisi ni wafanyakazi wa maendeleo. Lakini jambo hili tulijifunza kwa hasara, na baadaye tuliketi na mafundi wenye uzoefu wakatuonyesha hatua kwa hatua. Tunaona si vizuri hasara hiyo itufunze sisi peke yetu.

YALIYOTUPATA

Mwezi wa Novemba 2023, wakati zile mvua kubwa za El Niño zilikuwa zinanyesha, kikundi kimoja cha akina mama wa maziwa katika eneo letu kilipatwa na msiba wa gari. Wana pikapu kuukuu ya Toyota Hilux ambayo huzunguka alfajiri kukusanya maziwa na kuyapeleka kwenye mtambo wa kupozea. Asubuhi hiyo gari lilikuwa limeshapakia mitungi. Dereva akawasha injini, akakanyaga klachi, akataka kutia gia ya kwanza. Ikakataa. Akajaribu riversi. Ikalia kama mashine ya kusaga mawe.

Fundi aliitwa kutoka mjini. Alijaribu mara mbili au tatu, akashuka, akafuta mikono. Akamwambia mwenyekiti, "Mama, hii giaboksi imekwisha. Ni kuteremsha tu, halafu mtafute ingine."

Mwenyekiti alikuja ofisini kwetu kuomba ushauri. Kikundi kilikuwa na akiba iliyowekwa ya kugawana mwezi wa Desemba, ile ambayo akina mama wengi hutegemea kwa karo ya Januari. Je, waiguse? Sisi tulijibu vile watu wengi hujibu: "Fundi ndiye anayejua." Tukatia sahihi barua ya kutoa pesa benki.

Giaboksi ikateremshwa. Ikanunuliwa nyingine iliyotumika. Wiki mbili zikapita, na muda huo wote maziwa yalibebwa na bodaboda, mengine yakachacha njiani, mengine yakauzwa kwa wachuuzi kwa bei ya kutupa. Siku giaboksi ilipofungwa, gari liliingia gia vizuri na akina mama wakapiga vigelegele. Kesho yake asubuhi likakataa tena, vile vile kama mwanzo.

Hapo ndipo alipoitwa mzee mmoja wa kijijini, dereva wa lori aliyestaafu. Hakufungua spana yoyote. Aliingia ndani ya gari, akainua kapeti chini ya pedeli ya klachi, akapapasa, akanusa vidole. "Hapa pana mafuta ya breki," akasema. "Fungueni boneti mwangalie kikopo cha klachi." Kikopo kilikuwa kikavu.

Kumbe vipira vya ndani vya masta ya klachi vilikuwa vimekwisha, na mafuta yalikuwa yakivuja pole pole kwenye kapeti. Yule fundi alipofunga giaboksi alijaza mafuta na kutoa hewa, ndiyo maana gari lilikubali siku moja. Yalipovuja tena, likakataa tena. Bei ya vipira vile haikufika hata pesa ya maziwa ya siku moja.

Akina mama hawakutulaumu kwa maneno. Lakini Januari shule zilipofunguliwa tuliwaona wachache wao kwenye foleni ya ofisi yetu, wakiomba barua za kwenda kumsihi mwalimu mkuu awape muda wa kulipa karo. Sahihi yetu ilikuwa kwenye ile barua ya benki.

KWA NINI GIA HUKATAA

Ili tuelewe vizuri, tuanze na jambo rahisi. Injini ikiwaka, inazunguka wakati wote. Magurudumu yanaweza kuwa yamesimama. Katikati yao kuna klachi na giaboksi.

Kazi ya klachi ni kuunganisha na kutenganisha. Kuna sahani nzito iliyofungwa kwenye injini, mafundi huiita flaiwili. Kuna pleti ya klachi ambayo imeshikana na giaboksi. Halafu kuna presha pleti ambayo huibana ile pleti kwenye flaiwili, ili vizunguke pamoja. Ukikanyaga pedeli, presha pleti inalegea, pleti inaachiliwa, na injini inazunguka peke yake bila kuisumbua giaboksi.

Ndani ya giaboksi kuna gia zenye meno. Ili gia iingie, vipande viwili vinavyokutana lazima viwe na mwendo mmoja. Fikiria mtu anayetaka kudandia matatu inayotembea. Kama matatu inakimbia na yeye amesimama, atang'olewa mkono. Lazima matatu ipunguze mwendo, au yeye akimbie nayo sambamba kwanza. Katika magari ya zamani sana dereva mwenyewe alifanya kazi hiyo kwa kukanyaga klachi mara mbili na kusikiliza injini. Mwaka 1928 kampuni ya Cadillac ya Marekani ilianza kuuza magari yenye kifaa cha kusawazisha mwendo huo ndani ya giaboksi. Katika magari mengi tunayoendesha, kazi hiyo hufanywa na pete ndogo, nyingi zikiwa za shaba, zinazosugua gia mpaka mwendo ulingane, ndipo meno yaingiane.

Sasa sikiliza jambo la maana. Kama klachi haiachii kabisa, injini inaendelea kuzungusha upande wa giaboksi hata kama umekanyaga pedeli mpaka chini. Zile pete haziwezi kushindana na nguvu za injini. Gia zitakataa, au zitalia. Dereva anashika mkono wa gia na kuhisi ugumu pale mkononi, basi anadhani ugonjwa uko kwenye giaboksi. Kumbe gia ni nzima kabisa, na ugonjwa uko kwenye klachi.

Kwa hiyo gari linalokataa gia lina sehemu tatu za kuangalia: klachi isiyoachia, waya au vyuma vinavyounganisha mkono wa gia na giaboksi, au giaboksi yenyewe. Ya tatu ndiyo ya gharama kubwa zaidi, na ndiyo inayofaa kuangaliwa mwisho.

VIPIMO AMBAVYO HAVIHITAJI PESA

Kabla ya yote, simamisha gari mahali tambarare, vuta breki ya mkono, na utie mawe au magogo mbele na nyuma ya magurudumu. Watoto wakae mbali.

Kipimo cha kwanza. Zima injini. Kanyaga klachi, kisha pitisha mkono wa gia kwenye gia zote, moja mpaka ya mwisho, na riversi. Kama zote zinaingia laini injini ikiwa imezimwa, lakini zinakataa injini ikiwaka, basi karibu kila mara kosa ni klachi isiyoachia. Kama zinakataa hata injini ikiwa imezimwa, kosa liko kwenye vyuma vya kuunganisha au ndani ya giaboksi. Hiki peke yake kingeokoa akiba ya akina mama wetu. Kilihitaji dakika moja.

Kipimo cha pili. Washa injini ikiwa nyutro. Kanyaga klachi mpaka chini, hesabu pole pole mpaka tano, kisha jaribu riversi. Katika magari mengi riversi haina ile pete ya kusawazisha. Kama klachi imeachia vizuri, baada ya kungoja hivyo vyuma vitakuwa vimetulia na riversi itaingia kimya. Ikilia hata baada ya kungoja, klachi bado inaburuta.

Kipimo cha tatu. Kanyaga pedeli haraka haraka mara tano au sita kama unayepampu baiskeli, kisha jaribu gia. Kama sasa inaingia, kuna hewa au uvujaji kwenye njia ya mafuta ya klachi. Pedeli laini inayozama, au inayobaki chini bila kurudi, inasema hivyo hivyo.

Kipimo cha nne. Fungua boneti utafute kikopo cha mafuta ya klachi. Katika magari mengi ya zamani ni kikopo kidogo karibu na kile cha breki. Angalia kiasi. Klachi haili mafuta kama vile injini inavyokula petroli. Yakipungua sana, yanavuja mahali fulani. Na hapa tuwe waangalifu: katika magari mengi ya karibuni, klachi na breki hutumia kikopo kimoja. Kama kikopo hicho kinapungua, hilo si jambo la gia tu, ni la uhai wa watu. Gari lisiende popote mpaka uvujaji upatikane.

Kipimo cha tano. Tafuta unyevu sehemu mbili. Ya kwanza ni ndani ya gari, juu ya pedeli ya klachi na chini ya kapeti, maana hapo ndipo masta ya juu huvujia. Ya pili ni chini ya gari, kwenye ubavu wa giaboksi, ambapo masta ya chini imefungwa. Inua kile kifuniko chake cha raba. Kama ndani kumelowa, umepata mwizi wako.

Kipimo cha sita. Injini ikiwa imezimwa, mtu mmoja akanyage klachi na mwingine achungulie ile masta ya chini. Kijiti chake kinatakiwa kusukuma mkono wa klachi, katika magari mengi karibu sentimita moja au zaidi. Kama hakisogei, au kinasogea kidogo tu, tatizo liko nje ya giaboksi na hakuna haja ya kuiteremsha. Kama kinasogea vizuri na bado gia zinakataa, basi tatizo liko ndani, na hapo ndipo fundi ana haki ya kusema giaboksi iteremshwe. Kuna magari ambayo masta hiyo ya chini imewekwa ndani ya giaboksi na huwezi kuiona. Hayo hayana njia ya mkato.

Mtu asiingie kabisa chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake. Jeki ni ya kuinua, si ya kushikilia. Weka stendi imara, au magogo mazito yasiyoweza kuteleza. Matofali hupasuka ghafla.

KILA DALILI NA MAANA YAKE

Fundi mmoja mzuri alituambia kwamba gari husema, ila watu hawana subira ya kulisikiliza. Hizi ndizo dalili alizotufundisha.

Gia zote zinakataa injini ikiwaka, lakini zinaingia ikizimwa: klachi haiachii. Anza na mafuta, masta ya juu, masta ya chini, au waya kama klachi ni ya waya.

Mkono wa gia umelegea na kuzunguka ovyo kama kijiko kwenye chungu: waya umechomoka, pini imeanguka au bushi zimekwisha. Hii huwa kazi ndogo. Bushi ni kitu kidogo sana lakini ikivunjika, mkono unasukuma hewa tu.

Gari lilikaa wiki nyingi bila kutumika, hasa wakati wa mvua, na sasa gia zinakataa ingawa pedeli ni nzuri: pleti inaweza kuwa imeshikana na flaiwili kwa kutu.

Gia moja tu ndiyo inayolia, kwa mfano ya pili, na zingine ni sawa: ile pete ya kusawazisha ya gia hiyo imechakaa. Hilo ni la ndani ya giaboksi.

Gia inaingia lakini inaruka yenyewe na kurudi nyutro ukiachia mafuta: meno au vishikizo vya ndani vimechakaa, au raba zinazobeba injini na giaboksi zimekatika. Waambie waangalie hizo raba kwanza, kwa maana ni rahisi zaidi.

Gia zote ni ngumu asubuhi na baridi, halafu zinalainika gari likipata moto: oili ya giaboksi ni nzito mno, ni ya aina isiyofaa, au imezeeka.

Gia zinaingia vizuri, lakini injini inalia sana na gari halipandi mlima: huo ni ugonjwa mwingine. Klachi inateleza, haibani. Tusichanganye klachi inayoteleza na klachi isiyoachia.

KUREKEBISHA YALE MADOGO

Kama ni masta inayovuja, kuna njia mbili. Ya kwanza ni kubadilisha vipira vya ndani. Ya pili ni kununua masta nzima. Vipira ni vya bei ndogo, lakini chunguza ukuta wa ndani wa masta ukiwa umesafishwa. Ukiwa na michubuko au mashimo ya kutu, vipira vipya vitakatika baada ya muda mfupi, na heri ununue masta nzima. Mafundi wengi pia hushauri kuangalia masta zote mbili pamoja, kwa sababu zimefanya kazi miaka ile ile.

Baada ya hapo lazima hewa itolewe. Hewa inabanwa, mafuta hayabanwi, kwa hiyo kiputo kidogo tu kinaweza kula nguvu yote ya mguu wako. Kazi hii ni ya watu wawili:

1. Jaza kikopo kwa mafuta mapya ya breki ya aina iliyoandikwa kwenye kifuniko au kwenye kitabu cha gari. Mara nyingi ni DOT 3 au DOT 4.

2. Vika mpira mwembamba unaopitisha mwanga kwenye kiskrubu cha kutolea hewa cha masta ya chini. Ncha nyingine itie ndani ya chupa yenye mafuta kidogo ya breki.

3. Wa juu akanyage pedeli pole pole mpaka chini, aishikilie, na aseme "Tayari."

4. Wa chini afungue kiskrubu kidogo. Mafuta na viputo vitatoka. Afunge, kisha aseme "Achia." Kama pedeli hairudi yenyewe, aivute kwa mkono.

5. Rudieni mpaka viputo viishe. Kila mara chache, ongezeni mafuta kwenye kikopo. Kikikauka, hewa inaingia upya na mnaanza mwanzo.

Tafadhali msitie oili ya injini, dizeli wala mafuta ya kupikia kwenye kikopo hicho, hata kama mmekwama porini usiku. Mafuta ya namna hiyo huvimbisha vipira vyote, na kama kikopo ni kimoja na cha breki mmejitafutia maafa. Mafuta yaliyotoka msiyarudishe. Mafuta ya breki hunyonya maji kutoka hewani, ndiyo maana hushauriwa yabadilishwe kila baada ya miaka miwili hivi. Hula rangi ya gari, na ni sumu kwa binadamu. Tumeona nyumba ambako yamewekwa kwenye chupa ya soda. Hilo ni jambo la kumuua mtoto.

Kama klachi ni ya waya, angalia kama waya umekatika nyuzi au umelegea. Pedeli inatakiwa kuwa na nafasi ndogo ya kulegea kabla ya kuanza kuwa nzito. Nafasi ikizidi, klachi haiachii. Nafasi ikikosekana kabisa, klachi itateleza na kuungua. Kipimo chake kiko kwenye kitabu cha gari.

Oili ya giaboksi nayo hupimwa kwa kufungua bolti ya kujazia iliyo ubavuni, gari likiwa tambarare. Katika giaboksi nyingi za kutia gia kwa mkono, oili inatakiwa kufika ukingoni mwa tundu hilo. Kama ina rangi ya chai ya maziwa, imeingiwa na maji, pengine siku mlipovuka mto. Ibadilisheni upesi. Tumieni namba iliyo kwenye kitabu, msikubali "oili ni oili." Zipo oili za gia zinazofaa difrenshali lakini zinadhuru pete za shaba za giaboksi.

KAMA LAZIMA ITEREMSHWE

Vipimo vikionyesha kwamba tatizo liko ndani, basi tusiogope. Lakini kuteremsha giaboksi ni kazi ya siku nzima, na malipo ya kazi ni yale yale hata kama umebadilisha kitu kimoja au vitatu. Kwa hiyo badilisheni pleti, presha pleti na beringi ya klachi kwa pamoja. Angalieni pia kama sili ya nyuma ya injini inavuja, kwa kuwa oili ikifika kwenye pleti mpya itaiharibu. Kuweka pleti mpya na beringi ya zamani ni kama kushona kiraka kipya kwenye nguo iliyooza.

NA MAGARI YA OTOMATIKI?

Magari mengi yaliyotumika yanayoletwa Kenya kutoka Japani ni ya otomatiki, na hata vikundi vimeanza kuyanunua. Hayana pedeli ya klachi, lakini nayo hukataa gia.

Shida ya kawaida ni mkono kukataa kutoka kwenye P. Kabla ya kuita mtu wa kuvuta gari, fanya hivi: mwambie mtu asimame nyuma, wewe ukanyage breki. Je, taa za breki zinawaka? Magari mengi ya namna hii hayaruhusu mkono kutoka P mpaka yapate habari kwamba breki imekanyagwa, na habari hiyo hutoka kwenye swichi ile ile ya taa za breki. Taa zisipowaka, angalia fyuzi na swichi hiyo. Ni vitu vya bei ndogo. Magari mengi pia yana kitundu au kibonyezo karibu na mkono wa gia cha kuufungua kwa dharura. Vuta breki ya mkono kwanza, kanyaga breki, ndipo ubonyeze. Lakini msiendeshe gari barabarani bila taa za breki.

Kama mkono unaingia D lakini gari linachelewa kwenda au halisogei, pimeni oili ya giaboksi kwa njia iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari hilo, kwa maana magari hutofautiana. Oili nyeusi inayonuka kuungua ni dalili mbaya, na hapo mtafute fundi wa otomatiki hasa. Na msilivute kwa kamba magurudumu yanayoendeshwa yakiwa chini, maana mnaweza kuiua giaboksi iliyokuwa na tatizo dogo tu.

TABIA ZINAZOUA KLACHI

Madereva wetu ni watu wa bidii, lakini tuambiane ukweli. Kuegesha mguu kwenye pedeli ya klachi safari nzima humaliza beringi. Kushikilia gari mlimani kwa klachi badala ya breki huunguza pleti. Kupumzisha mkono kwenye gia hulisha vyuma vya ndani. Kupakia magunia kupita kiasi, halafu kuondoka kwenye matope kwa gia ya pili, ni kuitafutia klachi kaburi. Na kikopo kisichofunguliwa kuangaliwa hata mara moja kwa mwezi hakiwezi kumwonya mtu yeyote.

JINSI YA KUONGEA NA FUNDI

Hatusemi mafundi ni wezi. Yule aliyeteremsha giaboksi ya akina mama hakuiba kitu. Alikisia, nasi tukamkubalia bila kuuliza. Mafundi wazuri wa jua kali hufurahi mteja akiuliza. Basi tunapendekeza kikundi kifuate utaratibu huu:

Dereva aandike dalili kabla fundi hajafika: gia zipi, injini ikiwaka au ikizimwa, ilianza lini.

Fundi aulizwe, "Umepimaje?" Asipoweza kuonyesha kipimo, asifungue bolti.

Kazi ikizidi kiasi ambacho kikundi kimepanga, litafutwe wazo la fundi wa pili. Nauli yake ni ndogo kuliko giaboksi.

Makubaliano yaandikwe: kazi ipi, spea zipi, malipo ya mkono ni kiasi gani, na itachukua siku ngapi.

Spea za zamani zirudishwe kwa kikundi, na risiti zikabidhiwe mweka hazina.

Kile kikundi cha maziwa sasa kimechagua akina mama wawili wa kuangalia gari kila Jumamosi pamoja na dereva. Mmoja wao hajawahi kuendesha gari maishani, lakini anajua kikopo cha klachi kiko wapi na mstari wa mafuta unatakiwa kufika wapi. Mwaka uliofuata aligundua umepungua kabla dereva hajahisi lolote. Ilikuwa masta ya chini, na gari lilikosa safari moja tu.

Nasi hapa ofisini tumebadilisha fomu yetu. Mahali pa sahihi ya kuidhinisha pesa za matengenezo, sasa kuna mstari unaouliza: "Kosa limepimwaje, na nani ameshuhudia?" Bila jibu hatutii sahihi.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Gari la kikundi chetu likisimama leo, ni akina nani wataumia kwanza?

2. Ni nani kati yetu, mbali na dereva, anayejua kuangalia mafuta ya klachi, ya breki na maji?

3. Tumewahi kulipia kazi ambayo hatukuielewa? Tulikosa kuuliza swali gani?

4. Je, tuna akiba ya matengenezo iliyo mbali na ile ya karo na ya kugawana?

Jumamosi ijayo, kabla ya mkutano, fungueni boneti pamoja. Mtafute kile kikopo.